Farasi Thelathini na Tatu

Mara ya tatu yule mzee aliporudisha gari lake gerejini kwetu, bosi hakujisumbua hata kuinuka kitini. Alichungulia dirishani, akaliona lile gari jekundu la milango miwili likiingia langoni polepole, akaniambia, "Enda umwambie hakuna kitu. Gari iko sawa, ni yeye amezeeka."

Nilikuwa mwanamke pekee katika gereji hiyo ya Ruiru, na kazi za namna hiyo zilikuwa zangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimesomea ufundi wa magari Thika, nikawashinda wavulana wote wa darasa letu isipokuwa mmoja, lakini huu ulikuwa mwaka wangu wa tatu kazini na bado nilikuwa wa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa na kuchemsha chai. Injini zilifunguliwa na kufungwa mbele ya macho yangu. Siku ambazo kazi ilizidi nilipewa vali nizisugue, na nilizisugua mpaka zikang'aa, kwa sababu nilijua hakuna atakayezitazama mara mbili ila mimi.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, magari yaliyotumika kutoka Japani yalipoanza kujaa barabarani. Mtu mwenye gari la zamani la Kiingereza alionekana kama mtu anayekataa kuhama nyumba inayovuja.

Mzee alikuwa mrefu, mwembamba, na kofia nyeupe ya kufumwa kichwani na shati lililofungwa mpaka kifungo cha shingoni. Alikuwa Mwislamu wa Majengo, Thika. Baba yake alikuja na Wazungu kutoka upande wa Kongo, mama yake alikuwa Mkamba, na yeye mwenyewe aliongea Kikuyu safi kunipita. Alifanya kazi miaka kumi na miwili katika shamba la kahawa nje ya Ruiru. Gari lilikuwa la meneja, Mzungu, na kazi ya mzee ilikuwa kuliosha kila Jumamosi, kuangalia oili na upepo wa magurudumu, kuwasha injini na kuisikiliza, kisha kulifunika kwa turubai. Kuliendesha alikatazwa. Meneja aliporudi kwao alimwachia, maana miezi ya mwisho lilikuwa limekaa bandani bila kuwaka na hakuna aliyelitaka. Ndipo mzee akalileta kwa bosi wangu ili injini yote ifunguliwe na kutiwa vipuri vipya. Bosi alisema imekwisha, imekuwa mpya. Gari likawaka, likatembea. Lakini mzee alirudi wiki ya kwanza, akarudi wiki ya tatu, na sasa alikuwa amerudi tena.

"Binti yangu," aliniambia kabla sijafungua mdomo, "mimi nimekaa kiti cha pembeni cha hii gari, tukienda Thika na Mzungu kuchukua mishahara ya watu. Tukitoka daraja la Chania tukipanda, ilikuwa inakubandika kwenye kiti. Sasa inapanda kama imebeba gunia kumi za mahindi. Bosi wako anasema nini?"

Nilikuwa nimetumwa na jibu, na lilikuwa tayari mdomoni. Nikamwangalia yule mzee na kifungo chake cha shingoni, nikaona kwamba mtu aliyesikiliza injini moja kila Jumamosi kwa miaka kumi na miwili hawezi kuambiwa masikio yake yamezeeka na mtu aliyeisikiliza mara tatu.

"Anasema iko sawa," nikamwambia. "Mimi sijui kama iko sawa. Kitabu cha hii gari unacho?"

Alikuwa nacho chini ya kiti, kimefungwa kwa karatasi ya nailoni. Tulikifungua juu ya boneti. Kilisema injini ile ilitoka kiwandani na nguvu za farasi sabini na moja.

Nilirudi ofisini nikamwambia bosi kwamba badala ya kubishana na mteja tunaweza kuipima nguvu ya gari lake, tukajua.

"Utapima na nini?" akauliza. "Na kikombe cha chai?"

Mafundi waliokuwa pale wakacheka. Kweli, mashine ya kupimia nguvu ya injini hatukuwa nayo, wala sikujua gereji yoyote Thika au Ruiru iliyokuwa nayo. Chuoni tulionyeshwa picha yake: gari linapandishwa juu ya mapipa mawili ya chuma, linakimbia pale pale bila kwenda popote. Lakini mimi nilikuwa na kitu kingine. Nilipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa fizikia alitutoa darasani, akatupima uzito mmoja mmoja, akatukimbiza juu ya ngazi za bweni huku ameshika saa. Kisha akatuonyesha ubaoni: uzito wako, kimo cha ngazi, gawanya kwa sekunde ulizotumia. Mimi nilipata zaidi ya nusu ya farasi, na wasichana wakaniita Nusu Farasi mpaka tulipomaliza shule. Kama msichana anapimika kwa ngazi, gari linapimika kwa kilima.

Nilimweleza bosi hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, nikadhani amenielewa, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Gari ikitoka hapa, imetoka. Ukiguza hiyo gari tena, hapa si kwako."

Nilimsindikiza mzee mpaka langoni. "Jumapili uko wapi?" nikamwuliza.

"Niko pale utaniambia niwe," akajibu.

Jumapili hiyo mama yangu alinuna. Yeye alikaa Murera, kwenye kishamba chetu, nami nilikodi chumba Gitothua, na Jumapili tulizoea kukutana kanisani. Nilipita kwake mapema kumchukua mjomba, ndugu yake, aliyekuwa fundi wa ujenzi na aliyeishi uani kwake.

"Wee kairitu, msichana wewe," mama akaniambia, "unaenda kupima gari na watu wanaomba?"

"Nitaomba nikipima," nikamwambia. Alinipa kisogo.

Mjomba nilimhitaji kwa sababu ya mpira wake. Wajenzi wana mpira mwembamba unaoonyesha ndani; huutia maji, mmoja anashika ncha hii na mwingine ncha ile, na popote walipo maji husimama sawa pande zote mbili. Kwa mpira huo wanajua kona ya nyumba imezidi nyingine kwa kiasi gani. Nilitaka kujua kilima kinazidi bonde kwa kiasi gani.

Tulianzia kiwanda cha kahawa, kwenye mizani ya malori. Askari wa pale alikuwa amefanya kazi na mzee zamani, akatufungulia. Tuliingia kwenye gari mimi na mzee, kwa sababu hivyo ndivyo tutakavyokuwa tukipanda, na mizani ikasema kilo mia tisa na arobaini. Kutoka hapo tukaenda kwenye barabara ya lami iliyokata shamba la kahawa, mahali inapopanda bila kona wala gari lingine kupita. Kuanzia jiwe jeupe chini hadi mkaratusi mkubwa juu tulipima kwa utepe: mita mia mbili na arobaini. Kisha mimi na mjomba tukakipanda kilima kile na mpira wa maji, hatua kwa hatua, mara kumi na mbili, tukiandika kila mara juu ya karatasi ya unga. Wachumaji wa kahawa waliokuwa wakipita kwenda kanisani walisimama kutuangalia. Mmoja akauliza kama barabara inachukuliwa na serikali. Kimo kilikuwa mita kumi na nane.

Saa ya kupimia mbio nilikuwa nimeiazima kwa mwalimu wa michezo. Nilikaa kiti cha pembeni nikiwa nayo mkononi. Mzee alishika usukani kwa mikono miwili.

"Mzee, usiionee huruma," nikamwambia. "Gia ya kwanza mpaka iseme imechoka, ndio uingize ya pili."

"Mimi?" akasema. "Mimi nimengoja hii kitu tangu nikiwa na nywele nyeusi."

Tukaondoka. Injini ilinguruma, mibuni ikawa mstari wa kijani kila upande, na tulipoupita ule mkaratusi nilibonyeza saa na kusoma mwendo. Sekunde kumi na sita. Kilomita themanini kwa saa. Tulirudi chini tukarudia, ikaja karibu vilevile. Nikakaa ukingoni mwa barabara na penseli. Kazi ya kubeba uzito ule mpaka juu, jumlisha kazi ya kuupa mwendo ule, gawanya kwa sekunde. Nilipiga hesabu mara tatu kwa sababu sikutaka kuiamini.

"Thelathini na tatu," nikasema.

Mjomba akaangalia kitabu cha gari. "Na hapa ni sabini na moja. Hao wengine wamelala wapi?"

Nilimweleza kwamba wote hawawezi kufika barabarani. Wengine hupotea kwenye gia, kwenye magurudumu, kwenye upepo. Lakini nilitarajia hamsini, au karibu na hapo. Thelathini na tatu ilikuwa nguvu ya injini mgonjwa.

Mzee alitoa kofia, akajifuta kichwa, akaivaa tena. Kisha akasema, "Kwa hivyo si mimi."

"Si wewe, Mzee."

Ningeweza kuishia hapo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusimama. Nadhani nilitaka vipimo vitatu kwa sababu bosi angesema viwili ni bahati. Tukashuka chini mara ya tatu, mzee akaachia klachi, na tulipofika kama katikati ya kilima nikasikia sauti ndani ya injini, kama mtu anayegonga mlango wa chuma kwa nyundo. Taa ya oili ikawaka.

"Zima!" nikapiga kelele. "Zima, Mzee, zima!"

Akazima. Gari likasimama lenyewe kwenye mteremko, breki ikaushika uzito wetu, na kimya kikaja. Chini ya injini oili ilikuwa ikidondoka juu ya lami. Mjomba alikuwa akikimbia kuja, mpira wake mabegani. Mikono ya mzee ilikuwa bado kwenye usukani. Mimi nilikuwa na saa mkononi inayoendelea kuhesabu, na sikukumbuka kuizima.

Trekta la shamba lilituvuta. Njia ya kwenda Majengo ilipita Ruiru mjini, na Jumapili watu hawana haraka, kwa hiyo kila mtu aliyetujua alituona: gari jekundu nyuma ya trekta, mzee wa kofia, na mimi pembeni yake. Kabla hatujafika Thika bosi alikuwa ameshajua.

Asubuhi ya Jumatatu alinisubiri langoni. Ndani palikuwa na wateja wanne, na aliongea ili wote wasikie.

"Umeua injini ya mteja. Nilikukataza, ukaenda kuikimbiza kama farasi ya mashindano, umeiua. Toa ovaroli yangu."

Nilikuwa nimelala na maneno yangu, nikaamka nayo. "Nitatoa," nikasema. "Lakini injini uliifunga wewe. Iletwe hapa, niifungue mbele ya hawa watu wanne, tuone imekufa na nini. Kama ni mimi, nitaondoka na kusema kila mahali kwamba ni mimi."

"Hapa hakuna mtu anafungua kitu."

"Kwa nini?"

Alinyoosha mkono kuonyesha lango. Nilitoa ovaroli, nikaikunja vizuri kama nguo ya kanisani, nikaiweka juu ya meza yake ya kazi, nikatoka. Sikulia hapo. Nililia Gitothua, chumbani, mlango umefungwa, kama robo saa hivi, kisha nikanawa uso na kwenda Majengo.

Njiani nilijitayarisha kutukanwa. Mtu alikuwa na gari linalotembea, akaniamini, na sasa alikuwa na gari lililokufa. Mke wake ndiye aliyenifungulia. Aliniketisha, akaniletea chai ya tangawizi na mahamri, akasema, "Kunywa kwanza. Huyo amekuwa akilizunguka tangu alfajiri." Na kweli mzee alikuwa uani, akilizunguka gari na kitambaa, akilifuta vumbi la barabarani.

"Nimekuja kukuomba msamaha, Baba," nikamwambia.

"Wa nini?"

"Ya tatu haikuwa lazima."

Aliendelea kufuta. "Majirani wananiambia niitupe hii injini, nitie ya Japani. Wanasema itaenda kuliko ya mwanzo. Pengine ni kweli." Akakunja kitambaa. "Lakini miaka yote ile niliosha hii gari na sikuruhusiwa kushika usukani hata kuitoa bandani. Nikitia injini nyingine, nitakuwa nimepata gari nyingine. Mimi nataka hii. Wewe unaweza kuifungua?"

"Naweza."

"Umewahi kufungua injini yote peke yako?"

Ningeweza kudanganya. Ilikuwa rahisi. "La," nikasema.

"Basi utaanza na hii."

Gari lilivutwa tena, safari hii mpaka Murera. Mjomba alisimamisha miti mitatu ya mkaratusi, akaifunga vichwa kwa mnyororo, na siku ya pili injini ikaning'inia uani kwa mama, kati ya zizi la ng'ombe na kamba ya kuanika nguo. Mama alipita na ndoo akaitazama. "Hiyo kitu itamwaga oili kwa sukuma wiki yangu," akasema. Nikatandaza magunia.

Niliifungua polepole. Kila kipuri nilikipangusa, nikakiweka kwenye kitambaa kwa mpangilio, nikaandika kilipotoka. Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ikatoka. Sinia ya oili ikatoka, na ndani yake palikuwa na vipande vinavyong'aa kama samaki wadogo. Nilipofika konrodi ya tatu niliona bering yake imeyeyuka na kusagika. Hilo nilikuwa nimelitarajia. Nisilolitarajia lilikuwa nyuma yake. Nilitoa vipande vya bering kwa ncha ya kisu, na chini yake palikuwa na karatasi ya fedha, ile ya ndani ya pakiti ya sigara, imekunjwa mara mbili.

Nilikaa chini kwenye magunia.

Naomba nieleze, kwa asiyejua kazi hii. Mkono wa chuma unaoshika pistoni, ndio konrodi, huzunguka juu ya krenki, mhimili mkuu wa injini, na kati yao kuna bering mbili nyembamba kama maganda. Krenki ikilika, lazima ipelekwe kusagwa iwe duara tena, kisha ununue bering nene zaidi zinazolingana nayo. Mtu asiyetaka kazi hiyo huweka karatasi nyuma ya bering ya zamani ili ibane. Injini haitagonga. Itawaka, itatembea sokoni na kurudi. Siku utakayoiomba nguvu zake zote, karatasi italegea, na huo ndio utakuwa mwisho.

Niliendelea kufungua. Konrodi zote nne zilikuwa na karatasi. Silinda mbili zilikuwa zimetanuliwa na kutiwa pistoni mpya. Mbili nyingine zilikuwa za zamani, zimekwaruzika, zikiachia nguvu ipite pembeni. Nilienda duka la jirani nikamwomba mwenye duka mizani yake ya sukari. Pistoni mpya na za zamani hazikukaribiana hata kwa uzito. Ndipo nilipojua wale farasi wengine walikuwa wamelala wapi. Mzee alikuwa ameuziwa nusu ya injini.

Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, niliingia gerejini kwa bosi nikiwa na bering ya tatu na zile karatasi nne kwenye bakuli la plastiki. Palikuwa na wateja. Nilikuwa nimechagua saa hiyo makusudi.

"Nimekuja kukuonyesha aliyeua injini," nikasema, nikaweka bakuli juu ya meza yake.

Alitazama, akatazama pembeni. "Umetoa wapi hiyo takataka?"

"Nyuma ya bering ulizofunga."

"Kila gereji inafanya hivyo," akasema, kwa haraka, kabla hajafikiri. Kisha akaona watu wanamwangalia.

"Sawa," nikasema. "Basi waambie hawa kama na zao umefanya."

Mteja mmoja, mwanamume mnene aliyekuwa na pikapu ya kubebea mkate, akasogea akachungulia bakuli. "Na yangu je?" akauliza. "Ile ulifungua mwezi uliopita?" Bosi akaanza kuongea juu ya wanawake wanaofukuzwa kazi na kutafuta kulipiza. Yule mteja hakumwangalia. Alikuwa bado anaangalia karatasi. "Nimeuliza, na yangu je?"

Niliondoka hapo. Bakuli niliwaachia.

Krenki niliipeleka Thika, kwenye karakana inayosaga. Waliisaga vizuri, lakini nilipopima kwa maikromita ya chuo niliyokuwa nimeitunza, mahali pamoja palikuwa pamebaki panene kidogo kuliko pengine. Yule wa mashine aliniambia kipimo chao hakikosei. Nikamwambia apime mbele yangu. Akapima, akairudisha kwenye mashine. Zamani ningeshukuru na kuondoka nayo vilevile. Sasa nilikuwa nimekaa kwenye benchi lao kwa muda wa saa tatu na sikuwa na haraka ya kwenda popote.

Mzee alinunua pistoni na bering za kulingana, na kufunga kulinichukua karibu mwezi. Mzee alikuja kila siku baada ya sala ya alasiri, akakaa kwenye kigogo, akanishikia taa ya mkono na kusafisha boliti moja moja. Hakunifundisha wala kunihimiza. Mama, ambaye mwanzoni hakutaka hata kupita karibu, alianza kumletea uji kwa kikombe chake mwenyewe, na wawili hao wakazoea kubishana kwa Kikuyu juu ya bei ya maziwa.

Siku ya kuiwasha, majirani walikuja. Nilizungusha ufunguo, injini ikakohoa, ikatema moto kwenye kabureta, watu wakakimbia mpaka kwenye ua. Nikasikia mtu akisema, "Si niliwaambia?" Nilifungua boneti, nikafuata nyaya za plagi kidole kwa kidole, na kosa likawa langu mwenyewe: mbili nilikuwa nimezichomeka kila moja mahali pa mwenzake. Nikasema kwa sauti, "Ni mimi, nimekosea waya," nikazirudisha. Mara ya pili ikawaka. Ililia laini, sawasawa, na mzee akasogea, akainamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayeitwa kwa jina. Alisikiliza muda mrefu.

"Hiyo ndiyo," akasema.

Aliiendesha polepole wiki kadhaa, kama injini mpya inavyotaka. Kisha tukarudi kwenye kilima, Jumapili, mimi, yeye na mjomba. Tulipita tena kwenye mizani. Mzee alikanyaga. Safari hii mibuni haikuwa mstari. Haikuwapo kabisa, nilichoona ni ule mkaratusi ukitukimbilia. Sekunde kumi na tatu na nusu. Kilomita tisini na sita kwa saa. Tulipanda ya pili. Mzee akageuka kuniangalia chini ya kilima.

"Ya tatu?" akauliza.

"Ya tatu," nikasema. "Na ya nne ukitaka."

Tulipanda mara tano. Nilipiga hesabu nikiwa nimeegemea boneti yenye moto, na hesabu ikaja hamsini, ikikosa sehemu ndogo tu ya farasi mmoja. Nikampa mzee penseli aandike mwenyewe ndani ya kitabu cha gari, chini ya ile sabini na moja ya kiwandani. Aliandika polepole, tarakimu kubwa, kisha akaandika na tarehe.

Bosi hakuwahi kuniomba radhi. Gereji yake iliendelea, ingawa yule mwenye pikapu ya mkate alifungua injini yake kwangu na tukakuta tulichokuta. Wako watu Ruiru ambao mpaka leo wananijua kama yule mwanamke aliyeua gari la mzee. Zamani nilikuwa nikiwasimamisha kuwaeleza. Siku hizi huwaacha.

Mimi sikutafuta tena kazi ya kuajiriwa. Ile miti mitatu ilibaki uani Murera, mjomba akaniezekea mabati juu yake, na katika mwaka uliofuata nilimwita mchoraji wa mabango. Alikuja na rangi, akasimama mbele ya ubao mtupu.

"Niandike Mama nani?" akauliza.

"Sina mtoto."

"Basi niandike nini?"

"Andika Fundi wa Injini. Na chini yake andika Tunapima Nguvu."

Akacheka kidogo, akaniangalia kama natania, akaona sitanii. Aliandika kwa rangi ya samawati, na mstari wa pili ukapinda upande wa kulia kwa sababu alikosea nafasi. Rangi ilikuwa haijakauka alipoingia mtu na gari la kubebea maziwa kutoka Juja, moshi mweusi ukimfuata, akasimama nje ya ua akiusoma ubao huku injini ikiunguruma. Nikatoka nikamwambia aizime kwanza, ndio tuongee.